TAIFA STARS AFCON: MECHI 13, MABAO 23 YA KUFUNGWA, NA ILE ROBO SAA INAYOTUMALIZA



Leo naweka hapa hesabu ambayo nimekuwa nikiidaiwa tangu Desemba 27, 2025. Siku ile nilikuwa kibanda umiza hapa Bariadi mjini, Stars inacheza na Uganda kule Rabat. Tunaongoza 1-0, watu wamesimama, benchi hazina kazi. Dakika ya 80 Uganda wakarudisha. Kibanda kikanyamaza kama msibani. Kijana mmoja akasema, "Si niliwaambia? Sisi kila siku tunafungwa mwishoni." Mzee mmoja aliyekaa mbele akageuka: "Acha uongo mwanangu. Sisi tunafungwa mapema, kabla hata ya mapumziko. Toka enzi za redio iko hivyo."

Ubishi ukaendelea mpaka mwenye kibanda akataka kuzima jenereta. Mimi nikasema nitahesabu. Na nimehesabu. Kwa kifupi ni kwamba kijana ana haki na mzee ana haki, ila kila mmoja anazungumzia Stars tofauti. Twende taratibu.

Kama uko kafe na dakika zako zinayoyoma, shuka moja kwa moja kwenye orodha, inakili kwenye daftari, maelezo utasoma siku nyingine. Orodha hii ukienda nayo kijiweni hakuna wa kukubishia.

KWA NINI NAHESABU MABAO YA KUFUNGWA NA SI YA KUFUNGA

Sisi tunapenda wafungaji. Ukimuuliza mtu yeyote Maswa au Meatu nani alifunga kwa Stars, anakujibu papo hapo. Muulize tumefungwa mangapi, anaanza kukuna kichwa.

Wamarekani na mchezo wao wa besiboli wako tofauti kabisa. Kule kuna mtu anaitwa mrushaji, ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Kazi yake kubwa ni kuzuia wapinzani wasipate mikimbio, ambayo ndiyo mabao yao. Basi kila mrushaji anatembea na namba yake mgongoni mwa jina: wastani wa mikimbio anayoruhusu kwa kila ingi 9, maana mechi ya kawaida ni ingi 9. Hesabu yenyewe rahisi: chukua mikimbio aliyoruhusu, zidisha kwa 9, gawanya kwa ingi alizorusha. Aliyeruhusu mikimbio 4 ndani ya ingi 12 ana wastani wa 3.00. Namba ikiwa ndogo ndiyo sifa. Mwaka 1968 Bob Gibson wa St. Louis Cardinals alimaliza msimu akiwa na 1.12, na mwaka uliofuata kile kilima anachosimama mrushaji kikashushwa ili wapigaji nao wapate pumzi. Namba ya mtu mmoja ilichangia sheria kubadilishwa, si mchezo.

Kitu kimoja zaidi walichonifundisha: hawahesabu kila mkimbio sawa. Ule uliotokana na mwenzake kudondosha mpira hawamwekei mrushaji. Ni kama sisi kwenye mizani ya pamba, pamba safi inawekwa huku na fifi inawekwa kule, ukichanganya unajidanganya mwenyewe. Mkoa wetu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, kwa hiyo hilo sina haja ya kulieleza sana.

Nikasema ngoja nifanye hivyo kwa Taifa Stars, fainali zote za Mataifa ya Afrika tulizocheza. Namba naiweka kwa timu nzima na si kwa kipa, kwa sababu kwenye soka bao linapitia kwa watu wengi kabla halijamfikia kipa.

ORODHA KAMILI

Stars imecheza fainali nne: 1980, 2019, 2023 (zilizochezwa Januari na Februari 2024) na 2025 (zilizoanza Desemba 2025 na kumalizika Januari 2026). Dakika kwenye mabano ni za mabao TULIYOFUNGWA.

Nigeria 1980 (timu 8)
- Machi 8: Nigeria 3-1 Tanzania (11, 35, 85)
- Machi 12: Misri 2-1 Tanzania (32, 38)
- Machi 15: Ivory Coast 1-1 Tanzania (7)
Jumla: mechi 3, mabao 6. Wastani 2.00

Misri 2019 (timu 24)
- Juni 23: Senegal 2-0 Tanzania (28, 64)
- Juni 27: Kenya 3-2 Tanzania (39, 62, 80)
- Julai 1: Algeria 3-0 Tanzania (35, 39, 45+1)
Jumla: mechi 3, mabao 8. Wastani 2.67

Ivory Coast 2023 (timu 24)
- Januari 17, 2024: Moroko 3-0 Tanzania (30, 77, 80)
- Januari 21, 2024: Zambia 1-1 Tanzania (88)
- Januari 24, 2024: DR Congo 0-0 Tanzania
Jumla: mechi 3, mabao 4. Wastani 1.33

Moroko 2025 (timu 24)
- Desemba 23, 2025: Nigeria 2-1 Tanzania (36, 52)
- Desemba 27, 2025: Uganda 1-1 Tanzania (80)
- Desemba 30, 2025: Tunisia 1-1 Tanzania (43, penalti)
- Januari 4, 2026, hatua ya 16 bora: Moroko 1-0 Tanzania (64)
Jumla: mechi 4, mabao 5. Wastani 1.25

JUMLA KUU: mechi 13, tumefungwa 23, tumefunga 9. Ushindi 0, sare 5, vipigo 8. Wastani wa kufungwa ni 1.77 kwa mechi.

Mechi ambayo nyavu zetu hazikuguswa ni MOJA TU: ile ya DR Congo kule Korhogo. Moja kati ya 13.

HAYA, TUZISOME NAMBA

Kwanza habari njema, maana najua mnapenda kulaumu tu. Kata orodha vipande viwili. Fainali mbili za mwanzo (1980 na 2019): mechi 6, mabao 14, wastani 2.33. Fainali mbili za karibuni (2023 na 2025): mechi 7, mabao 9, wastani 1.29. Hiyo ni karibu nusu. Vipande hivyo hivyo kwa matokeo: mechi 6 za mwanzo sare moja na vipigo vitano, mechi 7 za karibuni sare nne na vipigo vitatu. Anayekwambia Stars ni ile ile, mwambie akahesabu upya.

Pili, tuwe wakweli kuhusu wapinzani. Nigeria wa 1980 ndio waliochukua kombe nyumbani kwao. Algeria wa 2019 wakachukua kombe, na Senegal ndio waliokutana nao fainali. Moroko waliotutoa Januari 2026 nao walifika fainali. Hao wanne peke yao wametufunga mabao 9 katika mechi 4. Mechi zilizobaki ni 9, na tumefungwa 14, wastani 1.56. Kwa hiyo ratiba haijawahi kutuonea huruma. Ila 14 nayo si ndogo, kwa hiyo tusijifiche nyuma ya majina makubwa.

Tatu, ndiyo iliyoleta ubishi kibandani. Nimegawa dakika 90 kwenye vipande sita vya robo saa. Nyongeza ya kila kipindi nimeiweka kwenye kipande cha mwisho cha kipindi hicho.

- Dakika 1 hadi 15: mabao 2
- Dakika 16 hadi 30: mabao 2
- Dakika 31 hadi mapumziko: mabao 9
- Dakika 46 hadi 60: bao 1
- Dakika 61 hadi 75: mabao 3
- Dakika 76 hadi mwisho: mabao 6

Mabao 23 yangegawanywa sawasawa, kila kipande kingepata karibu 4. Badala yake mabao 15 kati ya 23 yameingia kwenye robo saa mbili tu: ile ya kuelekea mapumziko na ile ya kuelekea filimbi ya mwisho. Nusu saa ya kwanza ya mechi Stars iko vizuri sana, mabao 4 kwa mechi zote 13. Ikitoka mapumziko nayo iko vizuri, bao moja tu ndani ya robo saa ile, la Lookman wa Nigeria dakika ya 52.

Kwa kawaida duniani mabao mengi huingia kipindi cha pili, watu wakishachoka. Sisi tumefungwa 13 kipindi cha kwanza na 10 kipindi cha pili. Mzee wangu wa kibandani, hapo ulikuwa na haki kabisa.

MZEE ANA HAKI, KIJANA ANA HAKI

Sasa kuna kitu nilikigundua nikiwa nimeshakata tamaa ya kuendelea. Nilichukua zile robo saa mbili mbaya nikazigawa tena kwa miaka.

Robo saa ya kabla ya mapumziko:
- 1980: mabao 3
- 2019: mabao 4
- 2023: 0
- 2025: mabao 2

Robo saa ya mwisho wa mechi:
- 1980: bao 1
- 2019: bao 1
- 2023: mabao 3
- 2025: bao 1

Mmeona? Ugonjwa umehama. Stars ya zamani ilikuwa inabomoka kabla ya mapumziko: mabao 7 kati ya 14, nusu kamili. Stars ya sasa imepunguza hilo hadi mabao 2 kati ya 9. Lakini mwisho wa mechi, ambako zamani tulifungwa 2 kati ya 14, sasa tumefungwa 4 kati ya 9.

Mzee alikuwa anaikumbuka Stars ya 1980. Wakati ule Bariadi bado iko mkoa wa Shinyanga, Simiyu imekuja kuwa mkoa mwaka 2012, na televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kwa hiyo watu walikusanyika kwenye redio, Radio Tanzania Dar es Salaam, na walichosikia ni Misri kufunga dakika ya 32 na 38, mechi imekwisha kabla ya chai. Kijana yeye ameanza kuiangalia Stars juzi juzi, na anachokikumbuka ni Zambia dakika ya 88 na Uganda dakika ya 80. Wote wawili wanasema kweli, wamekosana mwaka tu.

Na hiyo dakika ya 80 sijui tuifanye nini. Olunga wa Kenya 2019, dakika ya 80. En-Nesyri wa Moroko 2024, dakika ya 80. Ikpeazu wa Uganda 2025, dakika ya 80. Fainali tatu mfululizo, dakika ile ile. Mimi si mtu wa ramli, lakini safari ijayo dakika ya 79 mtanikuta nje ya kibanda nanunua karanga.

MECHI TATU ZINAZOUMA

Katika mechi 13 Stars imetangulia kufunga mara tatu tu. Zote tatu aliyefungua mlango ni mtu yule yule, Simon Msuva.

1. Kenya, Juni 27, 2019, Cairo. Msuva dakika ya 6. Olunga akarudisha dakika ya 39, dakika iliyofuata Samatta akaweka la pili. Tukaenda mapumziko 2-1. Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza dakika ya 80. Tukalala 3-2 mbele ya majirani.

2. Zambia, Januari 21, 2024, San-Pédro. Msuva dakika ya 11. Dakika ya 44 Kabwe wa Zambia akapewa nyekundu, wakabaki kumi. Kipindi chote cha pili sisi tuko 11 na wao 10. Patson Daka akasawazisha dakika ya 88.

3. Uganda, Desemba 27, 2025, Rabat. Msuva kwa penalti dakika ya 59. Ikpeazu dakika ya 80.

Nikajumlisha dakika ambazo Stars imewahi kuongoza kwenye AFCON, bila nyongeza. Kenya dakika 33, kisha 22. Zambia 77. Uganda 21. Jumla 153. Yaani tumeongoza dakika 153 katika historia yetu yote ya fainali hizi, na hazijazaa ushindi hata mmoja.

Hebu tufanye mchezo wa karatasi. Tuseme kila mechi yetu ingemalizwa dakika ya 75, refa anapuliza watu wanakwenda nyumbani. Kwa matokeo ya dakika hiyo tungekuwa na ushindi 2 (Zambia na Uganda), sare 4 (Ivory Coast, Kenya, DR Congo na Tunisia) na vipigo 7. Kwa hesabu ya leo ya pointi 3 kwa ushindi hizo ni pointi 10. Tulizozipata kwa hesabu hiyo hiyo ni 5. Robo saa ya mwisho imekula nusu ya mavuno yetu. Mkulima wa Itilima akisikia panya wamekula nusu ya ghala, halali usiku huo.

Na si pointi za mapambo. Angalia kundi letu la Januari 2024: Moroko 7, DR Congo 3, Zambia 2, sisi 2. Kama lile bao la Daka lisingeingia, kwenye karatasi sisi tunakuwa na 4 na tunashika nafasi ya pili. Badala yake tukaburuza mkia na kupanda ndege.

PAMBA SAFI NA FIFI

Nilisema Wamarekani wanatenga. Na mimi nimejaribu kutenga kwa yale ninayoweza.

Mabao mawili ya Moroko mwaka 2024 (dakika ya 77 na 80) yaliingia baada ya Novatus kutolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 70. Mpaka dakika ile tulikuwa tumefungwa moja tu, na timu iliyokuwa imetoka kucheza nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2022. Hayo nayaweka upande wa fifi. Ukiyatoa hayo mawili, 2023 inabaki na mabao 2 kwa mechi 3. Na robo saa ya mwisho kwa fainali mbili za karibuni inabaki na mabao 2 badala ya 4.

Hapo mtu anaweza kuniambia, basi hoja yako imekufa. Hapana. Mawili yanayobaki ndiyo yale ya Zambia na Uganda, na hayo hayana kisingizio cha kadi. La Zambia ndiyo kabisa, wao ndio walikuwa pungufu. Kwa hiyo namba inapungua, lakini hasara iko pale pale.

Na mechi 13 ni chache, sikatai. Timu ya besiboli ya ligi kuu ya Marekani inacheza mechi 162 kwa msimu mmoja wa kawaida, ndiyo maana namba zao zinakaa sawa. Sisi kuanzia 1980 mpaka 2019 tulikaa miaka 39 bila kugusa fainali. Hesabu zangu chukueni kama dalili, kama unavyoona wingu Busega upande wa ziwa. Si lazima inyeshe, lakini nguo unaanua.

LAKINI KUFUZU TUNAFUZU KWA KUTOFUNGWA

Hiki ndicho kinachonishangaza kuliko vyote. Angalia mechi zilizotupa tiketi:

- 1979: sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola, bao la Peter Tino.
- Machi 24, 2019: Tanzania 3-0 Uganda, Dar es Salaam.
- Septemba 7, 2023: Algeria 0-0 Tanzania, kule Annaba.
- Novemba 19, 2024: Tanzania 1-0 Guinea, Dar es Salaam.

Mara tatu za karibuni zote, siku ya kukata tiketi hatukuruhusu bao. Tena moja ni ugenini kwa Algeria. Kwa hiyo kujilinda tunajua! Watu ni hao hao na jezi ni hiyo hiyo.

Ushahidi mwingine uko CHAN, yale mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani. Agosti 2025 tulikuwa wenyeji pamoja na Kenya na Uganda. Matokeo yetu: Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0, Madagascar 2-1, Jamhuri ya Afrika ya Kati 0-0, na robo fainali tukafungwa na Moroko 0-1. Mechi 5, tumefungwa 2, wastani 0.40. Mechi tatu nyavu hazikuguswa. Najua CHAN si AFCON, hakuna akina Lookman pale, na nusu ya siri ni kucheza nyumbani Kwa Mkapa. Lakini kuna somo: timu ilifunga ikaongoza, na ikalinda mpaka filimbi. Mara tatu ndani ya mashindano mamoja.

THAMANI YA BAO MOJA

Kuna anayesema sasa hesabu zote hizi za nini, mpira ni kufunga. Ngoja nikuoneshe.

AFCON 2025 tulimaliza kundi tukiwa wa tatu na pointi 2, na tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia, kupitia nafasi za washindwa bora. Angola nao walikuwa wa tatu kwenye kundi lao, pointi 2 kama sisi. Tofauti ya mabao yetu: tumefunga 3, tumefungwa 4. Yao: wamefunga 2, wamefungwa 3. Wote tuko pungufu ya bao moja. Tukapita sisi kwa sababu tulifunga 3 na wao 2.

Sasa rudi kwenye mechi ya Uganda. Baada ya lile bao la dakika ya 80, dakika za nyongeza Uganda wakapata penalti. Allan Okello akapiga juu. Ingeingia ile, sisi tunabaki na pointi 1 na safari imekwisha, hakuna Fei Toto kuwasawazishia Tunisia kwa maana yoyote, hakuna 16 bora, hakuna usiku ule wa Rabat ambao wenyeji Moroko walisubiri mpaka dakika ya 64 kupata bao moja tu. Bao moja ambalo HALIKUINGIA limetupa ukurasa mpya wa historia. Halafu mtu ananiambia mabao ya kufungwa hayana maana.

MANENO YANGU YA MWISHO

Mimi si kocha, ni mdau tu wa Bariadi mwenye kalamu. Kwa nini robo saa ya mwisho inatuangusha, naweza kukisia kama nyie: pumzi, mabadiliko ya wachezaji, presha ya kulinda ushindi ambao hatujawahi kuuzoea. Timu ambayo haijawahi kushinda mechi ya AFCON, ikiongoza dakika ya 80 inakuwa kama mtu aliyebeba mayai kwenye baiskeli barabara ya vumbi. Kila shimo analiona yeye.

Lakini namba zinasema hivi. Kufungwa hovyo kumepungua, kutoka 2.33 hadi 1.29. Kubomoka kabla ya mapumziko kumepungua, kutoka mabao 7 hadi 2. Kilichobaki ni kufunga mlango. Tangu Januari 2024, mabao mawili tu, la Daka na la Ikpeazu, ndiyo yaliyosimama kati yetu na ushindi wa kwanza na wa pili wa AFCON. Hatuko mbali kama tunavyojilaumu.

Fainali za 2027 zilipewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, CAF ilitangaza Septemba 2023. Yaani nyumbani. Siku Stars ikiongoza kwenye mechi ile na saa ikafika dakika ya 76, msianze kushangilia na msianze kutukana. Hesabuni tu robo saa. Ikipita salama, mzee wangu na kijana wangu wa kibandani nitawanunulia soda wote wawili.

Mwenye dakika tofauti na zangu aweke hapo chini na mechi yake, nitarekebisha orodha. Mwenye matusi apite kushoto.

Nawasilisha.